Mahali ni Mwenyeji: Vijana na Upigaji wa Kionjo cha Filamu

Kila sanaa ina mlango wake wa kuingilia. Mshairi huingia kwa vina na mizani, mchongaji kwa gogo na tezo, mwimbaji kwa pumzi zake. Sanaa ya filamu, iliyo changa kuliko hizo zote, huingia kwa mahali. Mwandishi wa riwaya aweza kukaa barazani kwake akatusimulia kwamba mtu fulani alitoweka ufukweni usiku wa kiza, nasi tukamsadiki. Mpiga filamu hana raha hiyo. Yeye hana budi kwenda ufukweni kwa miguu yake, na kiza akikute huko huko.

Katika makala hii nakusudia kusema jambo moja tu juu ya sanaa hiyo: kwamba mahali panapopigwa filamu si pazia la kupambia mchezo, bali ni mwenyeji, na msanii aendaye hapo ni mgeni. Akijua kuwa ni mgeni, kazi yake itanawiri. Akijifanya mwenye nyumba, atapoteza heshima, na aghalabu atapoteza sanaa pia.

Hoja hii sikuisoma kitabuni. Niliipata kwa siku tatu za mwezi Juni mwaka 2022, nilipofuatana na wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu kutoka shule moja ya sekondari ya Dar es Salaam, pamoja na mwalimu wao wa Kiswahili, kwenda Bagamoyo. Ofisi yangu ya utamaduni ilinituma niwe mshauri wao. Mimi nimezoea mashairi; kamera nilikuwa nikiitazama kwa mbali, kama mtu wa bara aitazamavyo bahari. Vijana hao walikuwa na hadithi ya taharuki waliyoitunga wenyewe. Binti mmoja amefiwa na babu yake. Hati ya shamba la marehemu imeibwa, na kila dalili inaonyesha kwamba mwizi ni mtu wa nyumbani. Kwa kuwa hawakuwa na fedha za kutengeneza filamu nzima, walikata shauri kupiga kionjo kwanza, ili wakionyeshe kwa wazazi na kuomba msaada.

Kionjo, ambacho wengine hukiita trela, ni filamu fupi ya dakika moja au mbili inayoonyeshwa kabla ya filamu yenyewe ili kumtia mtazamaji hamu. Jina hilo ni la jikoni, nalo limechaguliwa vema. Mpishi hutia tone la mchuzi kiganjani akalionja, na kwa tone hilo akaijua sufuria nzima.

Taharuki si ngeni kwetu

Wapo wasemao kwamba hadithi za taharuki ni mali ya wageni, na kwamba kijana wa Kitanzania anayezipenda amepotoshwa na sinema za ng'ambo. Siafikiani nao. Tazama kitendawili. Mmoja hutega, wengine hunyamaza na kutafuta, na kadiri jibu linavyochelewa ndivyo hamu inavyozidi. Hiyo ndiyo taharuki yenyewe, nasi tumelelewa nayo tangu utotoni. Tena kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kulitafakari: anayeshindwa kutegua huambiwa atoe mji. Hutoa Tanga, hutoa Kilwa, hutoa Mwanza, na mtegaji huupokea mji huo na kuutembelea kwa maneno kabla ya kutoa jibu. Kwa hiyo katika mchezo wetu wa kale, deni la fumbo hulipwa kwa mahali.

Waandishi wetu wa riwaya za upelelezi waliirithi tabia hiyo. Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale iliyotoka mwaka 1960, hakumweka marehemu wake mahali popote tu. Alimweka penye mzimu, mahali ambapo kila msomaji wa pwani alipajua kuwa pana miiko yake. Hofu ya msomaji ilianza kabla hajaambiwa aogope. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, na Elvis Musiba akatuletea Kufa na Kupona mwaka 1974. Tofauti zao ni nyingi, lakini wote walifahamu kwamba fumbo lahitaji ardhi ya kusimamia.

Katika filamu, historia ya mahali petu ni ya namna nyingine. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu huko Vugiri, katika milima ya Usambara. Watu wetu walipigwa picha ili wafundishwe namna ya kuishi. Waliotunga na walioamua walikuwa wengine. Filamu ya Marekani iitwayo Hatari!, iliyotolewa mwaka 1962, ilipigwa sehemu za Arusha. Ndani yake tunaiona nchi yetu kwa uzuri wake wote, na wanyama wake, lakini wenyeji wanapita pembeni tu. Hapo mahali paligeuzwa pazia. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na katika miaka ya 1980 ikaja Arusi ya Mariamu, iliyotazama uganga wa jadi kwa jicho la hapa hapa. Mwaka 2021 Amil Shivji aliitoa Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Adam Shafi, na ndani yake vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar vinasema kama wasemavyo waigizaji. Safari ni ndefu, na wanafunzi wetu, wakijua wasijue, wamo ndani yake.

Hodi ya kwanza: magofuni

Mahali pa kwanza walipopachagua ni magofu ya Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Ni mabaki ya mji wa Waswahili wa kale. Upo msikiti unaosemekana kuwa ni wa karne ya 13, yapo makaburi yaliyojengwa kwa matumbawe, mengine yakiwa na nguzo ndefu, na kipo kisima kilicho karibu na bahari ilhali maji yake hayana chumvi. Zamani jahazi zilifika hapo. Baadaye tope lilijaa, mikoko ikaota, na mji ukatengwa na bahari yake. Baadhi ya makaburi hayo hutembelewa hata leo na watu wanaokuja kuomba dua.

Muswada wa vijana ulisema hivi: mwizi anaingia usiku, anachimba kando ya kaburi, anaificha hati. Walikuja na jembe. Kibali walikuwa nacho, maana kupiga filamu katika nchi yetu kwahitaji kibali tangu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na magofu yenyewe yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Mwalimu alikuwa ameshughulikia karatasi zote, na aliwaonya mapema kwamba jembe litainuliwa tu mbele ya kamera bila kugusa udongo.

Walimkuta mzee mmoja wa kijijini ameketi chini ya mti na mwangalizi wa magofu.

"Shikamoo babu," walisema kwa pamoja.

"Marahaba wajukuu zangu. Na jembe hilo, mmekuja kulima?"

Mwongozaji wao, binti wa miaka kumi na saba, alieleza habari yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwamba haitawezekana. Kijana mmoja akadakia, "Lakini babu, kibali tunacho."

"Kibali nimekiona," mzee alijibu bila ukali. "Hicho ni cha ofisi. Mimi nilikuwa nangoja hodi."

Pakawa kimya. Ndipo mzee akauliza swali ambalo, kwa maoni yangu, lilikuwa somo zima la uandishi. "Huyu mwizi wenu ni mtu wa wapi?"

"Wa huku huku, babu. Ni mjomba wake huyo binti."

"Basi kama ni wa huku huku, amelelewa na watu. Na mtu aliyelelewa, hata akawa mwizi, akifika kizingiti cha msikiti atafanya nini?"

Hakuna aliyejibu kwa muda. Kisha yule kijana aliyekuwa na jembe, aliyekuwa ndiye mwigizaji wa mwizi, akasema kwa sauti ndogo, "Atavua viatu."

Naomba msomaji alipime jibu hilo. Kwa neno hilo moja mwizi aligeuka kuwa binadamu. Awali alikuwa kivuli chenye jembe, kama vivuli vyote vya sinema za kuigiza. Sasa alikuwa mtu mwenye mama aliyemfundisha adabu, anayekwenda kutenda uovu, na ambaye miguu yake inakumbuka adabu ile hata moyo wake ulipokwisha isahau. Vijana waliliweka jembe garini. Jioni ile, jua lilipokwisha tua na mwanga haujaisha bado, walipiga picha ya mtu akija kwa mbali, akisimama nje ya ukuta wa msikiti, akivua kandambili zake, na kuingia. Hawakumfuata ndani. Kamera ilibaki na zile kandambili.

Nami nilijifunza kitu cha ufundi hapo. Sisi tuliokaa karibu na Ikweta tuna magharibi fupi. Mwanga ule usio mchana wala usiku, ambao wapiga picha huutamani, hudumu kwa dakika chache tu. Picha ile walipata nafasi ya kuipiga mara mbili. Ya tatu ilikuwa giza tupu. Mahali pana saa yake, nayo haimngojei mtu.

Hodi ya pili: baharini

Siku ya pili tulikwenda ufukweni, kwenye mikoko. Muswada ulitaka mwizi atoroke kwa ngalawa saa nne asubuhi. Tulipofika saa nne, bahari ilikuwa imekwenda mbali. Mbele yetu palikuwa na mchanga na tope lililojaa vijishimo vya kaa, na ngalawa zimelala ubavu kama ng'ombe waliokula wakashiba. Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona jarife aliusikia mpango wao akacheka hadi machozi yakamtoka.

"Huyo mwizi wenu," alisema, "ngalawa ataibeba kichwani?"

Kisha akaacha jarife lake akawafundisha. Aliwaeleza kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika siku moja, na kwamba kila siku huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana yake. Aliwaeleza habari za bamvua, wakati mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Na habari za maji mafu, ambapo mwendo wake huwa mdogo. Aliwaonyesha alama ya maji ya jana kwenye mashina ya mikoko. Wanafunzi wale walikuwa wamesoma jiografia, na mambo ya mvutano wa mwezi waliyajua kwa mtihani. Lakini sidhani kama walikuwa wamewahi kuyatia katika hadithi.

Mwongozaji alikaa juu ya ngalawa iliyolala akaandika upya ukurasa mzima. Kama mwizi hawezi kuondoka mpaka maji yajae, basi anangoja. Na kama anangoja, basi binti anaweza kumfikia. Na mtazamaji, ambaye anaona maji yanapanda polepole, anahesabu pamoja nao. Bahari ikawa saa ya ukutani katika filamu yao. Walichagua kijiti kimoja kilichosimama peke yake, wakakipiga picha kikiwa kikavu. Wakangoja, wakakipiga maji yakiwa yamefika katikati. Wakangoja tena, wakakipiga kikiwa kimebaki ncha tu. Picha hizo tatu hazina mtu ndani yake, wala hazina neno. Walakini nilipozitazama baadaye zikifuatana, nilihisi kifua kinanibana.

Upepo wa kusi nao ulikuwa na lake la kusema. Kila walipotaka kunasa maneno, upepo uliyafunika. Walivifunika vinasa sauti kwa kipande cha blanketi, wakajificha nyuma ya ngalawa, wakashusha sauti, wakapandisha. Mwishowe mwalimu aliwaambia wayapunguze maneno na kuuacha upepo useme. Hapo ndipo walipogundua pia kwamba maneno mengi ya muswada hayakuwa ya mahali pale. Vitisho walivyomwekea mwizi kinywani vilikuwa tafsiri ya sinema walizozitazama; hakuna mvuvi wala mkulima wa Bagamoyo anayetisha namna hiyo. Waliyafuta, na badala yake wakaweka sentensi moja waliyoisikia kwa yule mshona jarife: "Maji hayajafika."

Hodi ya tatu: dikoni

Siku ya tatu ilikuwa ya mbio. Binti anamwona mjomba wake katikati ya watu, kwenye diko la wavuvi, anapiga kelele za mwizi, na mjomba anakimbia. Matayarisho yalifanyika vizuri. Mwenyekiti wa mtaa alipewa taarifa, wauza samaki walielezwa, na mwanafunzi mmoja alisimama kila upande akiwa na bango la kuwajulisha watu kwamba ni mchezo wa kuigiza. Lakini bahari haina mlango. Vijana wavuvi waliokuwa wamekesha majini walitia nanga wakati ule ule, wakapanda ufukweni na ndoo zao, wala hawakuwa na habari ya mchezo wowote. Walisikia sauti ya msichana ikilia, "Mwizi! Mwizi!" Wakamwona kijana anakimbia.

Katika nchi yetu neno hilo si neno la kuchezea. Kila mmoja wetu amewahi kusikia, na wengine wetu wameona, jinsi mtu anavyoweza kuuawa na umati kwa kuitwa jina hilo kabla hajaulizwa jina lake. Ndoo zilitupwa. Mmoja aliokota ubao, mwingine jiwe. Mwalimu alipiga kelele kwamba ni mchezo, nami nikapiga kelele hivyo hivyo, lakini sauti ya watu wawili wazima ni nini mbele ya hasira iliyokwisha anza safari? Kijana yule alipogeuka akaona walio nyuma yake si wenzake, alisimama. Miguu ilimgomea.

Aliyemwokoa ni mama mmoja mkaanga samaki. Aliacha karai lake la mafuta motoni, akamkumbatia kijana yule mbele ya watu, akasema kwa sauti iliyopasua ufuko mzima, "Huyu mwanangu! Nani anataka kumpiga mwanangu?" Hakuwa mwanawe. Alimjua tangu asubuhi tu, alipomuuzia kipande cha nguru. Lakini mkono uliokuwa umeinua jiwe ulishuka. Watu wakaelezwa, wengine wakacheka kwa aibu, wengine wakaondoka bila kusema kitu. Yule aliyekuwa na ubao alikuja akamshika kijana bega, akamuuliza kama ameumia. Hakuwa ameumia. Alikuwa anatetemeka tu, na mama yule akamketisha kwenye kigoda chake akampa maji.

Hakuna aliyetaka kuendelea na kazi asubuhi ile, wala sikuwashurutisha. Walikaa kivulini. Baada ya muda mrefu yule binti aliyepiga kelele alisema maneno ambayo nayakumbuka: "Tumeandika hadithi kuhusu mtu aliyeibiwa haki, na karibu tuibe roho ya mtu."

Walijadiliana kwa zaidi ya saa moja. Mmoja alishauri tukio hilo liondolewe kabisa. Mwingine alishauri lipigwe siku nyingine, mahali pasipo na watu. Uamuzi walioufikia ulikuwa bora kuliko yote mawili. Binti hapigi kelele. Anamwona mjomba wake, naye mjomba anamwona. Anajua kwamba neno moja tu la kinywa chake laweza kumuua ndugu wa mama yake, na kwamba akinyamaza shamba la babu litapotea. Anafumba mdomo kwa kiganja. Mjomba hakimbii, anatembea, kwa haraka kidogo kuliko watu wengine, akipita kati ya matenga na mizani, na binti anamfuata kwa kutembea. Walilipiga tukio hilo alasiri, na wale wavuvi wa asubuhi walikubali kuwa miongoni mwa wapita njia. Nimetazama mbio nyingi za sinema. Sijapata kuona zinazonitia hofu kama mwendo ule wa polepole.

Kionjo na ahadi

Kazi ilipohaririwa ilikuwa ya sekunde 90. Ndani yake mna kandambili nje ya ukuta wa msikiti, mna kijiti kinachomezwa na maji, mna binti aliyefumba mdomo katikati ya watu, na mna sauti ya mtu mzima katika upepo akisema maji hayajafika. Hakuna damu, hakuna bunduki, hakuna gari linalolipuka. Kilipoonyeshwa shuleni mbele ya wazazi, mzazi mmoja aliuliza kabla taa hazijawashwa, "Sasa vile viatu ni vya nani?" Hilo ndilo swali ambalo kila mtega kitendawili hutamani kuulizwa.

Wazazi walichanga. Filamu nzima ilimalizika katika likizo ya Desemba mwaka huo huo, na vijana walirudi nayo Bagamoyo wakaionyesha pale pale dikoni, kwa shuka jeupe walilokuwa wakilitumia kurudishia mwanga wa jua usoni mwa waigizaji. Mzee wa Kaole alikuwapo, mshona jarife alikuwapo, na mama mkaanga samaki aliketi mbele ya wote. Niliandika ubeti mmoja kwa ajili ya vijana wale, nao waliubandika ukutani katika chumba chao cha sanaa:

Kionjo ni kama deni, mkopeshaji ni jicho,
Ukionyesha mezani, sahani yenye kificho,
Uwepo kweli jikoni, waandaa kipikwacho,
Mgeni akija kula, akute ulicho nacho.

Maana yake si ngumu. Vionjo vingi tunavyoviona siku hizi ni vya uongo: huonyesha mbio ambazo filamu haina, na machozi ambayo hayana sababu. Mtazamaji anayedanganywa mara moja hurudi nyumbani na shaka, na shaka hiyo huwaangukia wasanii wote, hata waaminifu. Kionjo cha vijana wale kilikuwa cha kweli kwa kuwa kila picha ndani yake ilitolewa na mahali, na mahali hapajui kusema uongo.

Kwa walimu na wanafunzi

Ndugu mwalimu, kama una kikundi cha sanaa shuleni kwako, na leo karibu kila shule ina mtu mwenye simu inayopiga picha, nakuomba uyatafakari mambo machache.

Kwanza, kibali na hodi ni vitu viwili. Kibali hutolewa na serikali, nacho ni wajibu; asiyekitafuta anavunja sheria. Hodi hupigwa kwa watu, nayo haina fomu. Wafundishe vijana kwamba kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Pili, muswada uendao mahali halisi uachiwe nafasi ya kusahihishwa. Wafanye wanafunzi waulize: watu wa hapa husemaje, huogopa nini, huheshimu nini, jua lao huzama saa ngapi, maji yao hujaa lini? Majibu ya maswali hayo yana taharuki nyingi kuliko jembe la kuazima.

Tatu, roho ya mtu ni kubwa kuliko filamu. Matukio ya wizi, utekaji na mapigano yasipigwe hadharani kwa namna ambayo mpita njia asiye na habari aweza kuyasadiki. Mabango na taarifa husaidia, lakini hayatoshi penye watu wanaoingia na kutoka. Mara nyingi tukio lenye kelele laweza kuandikwa upya likawa la kimya, nalo likazidi kuwa na nguvu.

Nne, kazi irudishwe kwa wenyeji. Mahali palipotoa ukuta wake, bahari yake na nyuso za watu wake panastahili kuwa pa kwanza kuketi na kutazama. Sanaa isiyorudi nyumbani hugeuka kuwa uchukuzi tu.

Nanyi wanafunzi, msiambiwe kwamba hadithi kubwa zipo ng'ambo tu. Kila mtaa una kizingiti chake ambacho watu huvua viatu, na kila mtaa una neno lake linaloweza kuua. Nendeni mkavitafute. Simameni mlangoni, mpige hodi, mngoje kuitikiwa, ndipo mfungue kamera.